Mnyororo wa Marley

Charles Dickens anaifungua A Christmas Carol, novela yake ya mwaka 1843, kwa habari ya msiba. Kabla hatujamjua Scrooge, mhusika mkuu, tunaambiwa kwamba Jacob Marley, mshirika wake wa biashara, amekufa. Tunaambiwa tena, kisha tunatajiwa waliotia sahihi cheti cha maziko, hata tunajiuliza msimulizi anabishana na nani. Hila ndiyo hiyo. Anamleta mpaka baba yake Hamlet: tusiposadiki kwamba mzee yule kafa, kutembea kwake usiku kuna ajabu gani? Marley naye sharti afe barabara ndipo aweze kurudi.

Naye kwa kweli hajaenda mbali. Miaka saba imepita, lakini jina lake bado liko juu ya mlango wa ofisi, na Scrooge huitikia lolote kati ya yale mawili. Kulifuta kungegharimu rangi.

Ninachokihusudu zaidi ni ule mnyororo. Mizuka ya hadithi za kale ilikwisha kuburuta minyororo kabla Dickens hajazaliwa. Yeye akautungia wa Marley vifaa vya kazini: makasha ya fedha, funguo, makufuli, madaftari ya hesabu, hati, mikoba mizito ya chuma. Hapo hakuna haja ya mahubiri. Dhambi inaonekana na inalia sakafuni. Dickens alikuwa na miaka 12 baba yake alipofungwa kwa madeni katika gereza la Marshalsea, mwaka 1824, na mwaka huohuo yeye alikuwa kibarua wa kubandika lebo kwenye vikopo vya dawa ya viatu. Mtu wa namna hiyo haelezwi uzito wa daftari la mdai.

Halafu kuna mzaha, ambao mwandishi mwoga angeuondoa. Mwili wa Marley unapenywa na macho, hata vifungo vya nyuma ya koti lake vinaonekana kwa mbele. Scrooge anadai kwamba mgeni huyu ni chakula kisichosagika tumboni, wala si mtu wa kaburini. Tunacheka naye. Ndipo mzuka anapoifungua leso iliyomshika kichwa na kidevu, kama maiti wanavyofungwa hata kwetu, na taya linamwangukia kifuani. Scrooge anapiga magoti, na kicheko chetu kinatukwama kooni.

Wasomaji wengi huwakumbuka roho watatu wanaofuata. Mimi naona kazi ngumu ilikwisha kufanywa na huyu wa kwanza, maana ndiye aliyemtafutia Scrooge nafasi ya kubadilika, na mwenyewe anasema hivyo. Yeye hapati kitu. Anatoka dirishani kujiunga na mizuka wenziwe, mmoja wao akiwa na sanduku kubwa la chuma kifundoni, akimlilia mama maskini mwenye mtoto mchanga ambaye hawezi tena kumsaidia.

Asubuhi ya Krismasi Scrooge anampigia Jacob magoti na kumshukuru, kisha anainuka kwenda kuagiza bata mzinga. Dickens hasemi kama shukrani hiyo ilimfikia marehemu, na nadhani alifanya vyema. Angemlegezea Marley hata pete moja tu, mnyororo wote ungegeuka pambo.