Misemo ya Kuazima katika Kiingereza

Wako wahakiki wanaodhani kuwa msemo wa kuazima ni aibu kwa lugha iliyouazima. Kiingereza cha kila siku chawakanusha. Mwingereza aliyeponea chupuchupu husema kuwa ameokoka kwa ngozi ya meno yake. Meno hayana ngozi. Usemi huo ni wa Kiebrania, umetoka katika Kitabu cha Ayubu, na katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 umefasiriwa neno kwa neno. Vivyo hivyo, soko la vitu vikuukuu huitwa soko la viroboto, jina lililofasiriwa kutoka Kifaransa cha Paris. Msemaji hamkumbuki Ayubu wala haifikirii Paris, lakini msikilizaji huiona picha na kuelewa mara moja. Jembe la jirani hurudishwa. Msemo ulioazimwa haurudishwi, wala mwenyewe hapungukiwi. Basi asili si kipimo cha ubora wa msemo. Msemo uliochakaa, usioonyesha tena kitu chochote, ni mzigo katika maandishi hata kama umezaliwa nyumbani. Huo ndio unaostahili lawama ya mhakiki.