Ulinganishi na Ulinganuzi katika Uhakiki wa Samuel Johnson kuhusu Dryden na Pope

Katika wasifu wa Alexander Pope uliochapishwa mwaka 1781, Samuel Johnson alitenga aya chache za kumpima mshairi huyo dhidi ya John Dryden. Aya hizo zimesifiwa mno kwa urari wa sentensi zake. Mtafiti anaikubali sifa hiyo kwa tahadhari, kwani nguvu yake kuu haimo katika urari. Johnson huanza na kinachowaunganisha wawili hao: Pope alikiri kwamba Dryden ndiye aliyemfunza ushairi. Ni baada ya msingi huo tu ndipo anapoanza kulinganua.

Aidha, kila hatua hujengwa juu ya kigezo kimoja, iwe elimu, bidii ya kusahihisha au nathari, na waandishi wote wawili hupimwa kwa kigezo hicho hapohapo. Anapofikia nathari, ya Dryden huifananisha na uwanda wa asili, na ya Pope na uwanja wa majani yaliyofyekwa na kusawazishwa. Zote mbili ni ardhi. Kwa hiyo tofauti huonekana bila kuelezwa zaidi. Mara nyingi hata kiunganishi hakitumii, nukta mkato humtosha. Katika tasnifu zetu za fasihi linganishi, riwaya moja aghalabu hupewa sura yake na ya pili sura yake, kisha kulinganisha kwenyewe kukaachiwa msomaji.

Hata hivyo, mbinu hiyo ina kasoro ambayo wanaoisifu huipita kimyakimya. Kuelekea mwisho, Johnson hutumia taswira ya kuruka angani, kisha ya moto, kisha ya matarajio ya msomaji. Vigezo vinaonekana kuongezeka, ilhali hoja ni ileile: Dryden hufika juu zaidi kwa vipindi, Pope hudumu katika kiwango kimoja. Tofauti moja imevishwa kanzu tatu. Hapa urari wa sentensi ndio unaoiongoza fikra, na Pope anapewa uzito wa upande wa pili kwa sababu mizani inaudai.

Johnson mwenyewe hakuwa kipofu wa hatari hiyo. Akiisha kutoa hukumu, anakiri kwamba huenda mapenzi yake kwa Dryden yameielemeza.