Kabla ya Kugusa Kibodi

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ameketi kando ya mkutubi. Anatafuta makala za kitaaluma kuhusu michirizi kahawia, ugonjwa unaoozesha mihogo ardhini huku majani yakionekana karibu mazima. Ameshaandika sentensi nzima kwenye Google, akamwagiwa matokeo yasiyo na kichwa wala miguu. "Tuiache kwanza kompyuta, mwanangu," mama mkutubi anamwambia, na kuvuta karatasi.

Anachora safu tatu: zao, ugonjwa, mahali. Kisha anaanza kuzijaza, na hapo hana haraka hata kidogo. Chini ya zao anaandika cassava. Anaongeza manioc, maana watafiti wengi wa Kongo huandika Kifaransa, na mandioca kwa ajili ya Msumbiji. Linafuata jina la kisayansi, Manihot esculenta. Anatua kidogo, anaandika na Manihot utilissima, jina lililozoeleka katika maandishi ya zamani. Kwenye safu ya mahali, Tanzania inapata mwenzake: Tanganyika. Makala ya miaka ya 1930 haiwezi kutaja nchi ambayo haikuwapo.

Sasa ndipo anapogusa kibodi na kufungua kanzidata. Majina ya safu moja anayaunganisha kwa OR, yaani lolote litatosha, na kuyafungia ndani ya mabano. Safu kwa safu anaziunganisha kwa AND: zote lazima ziwepo. "Brown streak" anaiwekea alama za kunukuu, maneno hayo mawili yasitengane. Kabla ya kubofya anahesabu mabano kwa ncha ya kalamu, yaliyofunguliwa na yaliyofungwa.

Mwanafunzi anashauri atumie NOT kuondoa batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo. Mama anatikisa kichwa. Makala inayolinganisha magonjwa hayo mawili nayo itataja batobato, basi itatupwa ingawa ndiyo inayotakiwa. Badala yake anaagiza maneno yatafutwe kwenye kichwa cha makala na ikisiri tu. Idadi ya matokeo inashuka, naye anapitia vichwa kimoja kimoja kama mtu anayechambua mchele.

Ninalolipenda zaidi linakuja baadaye. Anafungua makala moja mpya, anaruka hadi kwenye marejeo. Humo anakutana na H. H. Storey, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1936 alipokuwa akifanya utafiti Amani, Usambara. Hapo amerudi nyuma. Sasa anageukia mbele. Kwenye Google Scholar, chini ya andiko hilo la Storey, kuna kiungo cha waliolinukuu. Anakibofya, anaweka tiki kwenye kisanduku cha kutafuta ndani ya hao tu, na kuandika Bemisia tabaci, yaani inzi weupe wanaoeneza virusi vya ugonjwa huo. Katika orodha inayotokea anaona kichwa cha makala kimeandikwa kwa kifupisho tu, CBSD, yaani cassava brown streak disease. Bila kunung'unika anarudi kwenye karatasi, anakiongeza kwenye safu ya ugonjwa, na kuanza utafutaji upya.

Mwisho ananakili daftarini fomula nzima, jina la kanzidata, tarehe na idadi ya matokeo, ili mwingine aweze kurudia kazi hiyo na kuikagua.

Ewe unayeanza tasnifu, nenda kwa mkutubi kabla ya kuandika sura ya kwanza, si usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.