Nyumbu na Watalii: Tashbihi Isiyo Haki

Ipo tashbihi isikikayo mara kwa mara vinywani mwa watu, nayo ni ile ya kuwafananisha watalii na nyumbu wahamao. Wote, yasemwa, huenda makundi makundi, wakimfuata aliye mbele bila kuuliza. Yapendeza masikioni, lakini tukiipima twaona kwamba yamdhulumu mmoja wa wafananishwao, naye si mtalii.

Neno nyumbu lenyewe lina mkasa. Kwa watu wa pwani zamani lilikuwa jina la baghala, mzao wa punda na farasi. Leo, katika siasa zetu, ni tusi la kumwita mfuasi asiyetumia akili. Basi afananishwaye na nyumbu amekwisha hukumiwa kabla hoja haijasikizwa. Lakini nyumbu wa Serengeti, wapatao milioni 1.3, hawafuatani ovyo. Huzaa katika nyanda za kusini, karibu na Ndutu, kati ya Januari na Machi, kwa kuwa majani mafupi ya huko yana madini yamfaayo mama anyonyeshaye. Nyanda zikaukapo huelekea magharibi, kisha kaskazini hata mto Mara, yaliko maji na malisho. Waongozwao ni kwa mvua.

Je, mtalii? Mimi niandikaye haya ni mtu wa Kisondela, wilaya ya Rungwe. Wilayani mwetu mna Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, na ziwa Ngosi ndani ya shimo la volkano, na kima aitwaye kipunji, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 2003 tu, ingawa wazee wetu walikuwa na jina lake. Angalikuwa mtalii afuata malisho, angalifika kwetu. Wafikao ni wachache. Wengi hushika njia ya Arusha, Ngorongoro na Serengeti, kwa kuwa waliiona pichani kabla ya kuikanyaga. Filamu ya Bernhard Grzimek ya mwaka 1959 ilikuwa miongoni mwa zilizowafungulia njia hiyo.

Julai 2025, huko Kogatende, watalii walishuka magarini, wakajazana ukingoni mwa Mara na kuwazibia nyumbu njia ya kuvuka. Hapo tashbihi yavunjika kabisa, maana kundi lenye haja lilizuiwa na kundi lisilo nayo.

Kisondela wapo wenzangu wa mashamba ya chai watamanio kundi hilo lije. Siwalaumu, nami mwenyewe, siku nyingine, hulitamani.