Handeni, Kilimanjaro, Entebbe: Safari ya Ndege Iliyokatika Septemba 1972

Kila unaposimuliwa uvamizi wa wakimbizi wa Uganda dhidi ya Idi Amin wa Septemba 1972, kisa cha ndege hupitwa kwa sentensi moja: matairi yalipasuka Kilimanjaro, mpango ukafa. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini inayatwisha matairi lawama ya watu. Ninavyoona, operesheni ile ilikuwa imekwisha kuharibika kabla ndege haijaondoka Dar es Salaam, na chanzo chake kinapaswa kutafutwa Handeni, katika kambi iliyowaandaa watu kupigana bila kuwaandaa kusafirishwa kwa ndege.

Idi Amin alipompindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Obote alipata hifadhi Tanzania, na wengi wa askari waliomtii wakakusanyika Owiny Kibul, kusini mwa Sudan. Makubaliano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 yalipomaliza vita vya kwanza vya Sudan, Khartoum ilianza kupatana na Amin na wakimbizi hao wakakosa pa kukaa. Walipakiwa melini Port Sudan, wakashuka Tanga, kisha wakaingizwa bara hadi Handeni. Kwa kambi ya askari wa miguu, mahali palichaguliwa vizuri: pori kubwa, mbali na mpaka wa Uganda, bandari iko karibu, na Korogwe ipo jirani ikiwa na reli ya Tanga na barabara ya kwenda Moshi. Wengi wa waliofika walikuwa Waacholi na Walangi waliokwisha kutumikia Jeshi la Uganda, ambalo amri zake zilitolewa kwa Kiswahili tangu enzi za jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR), kwa hiyo kuwarudisha katika hali ya kivita hakukuhitaji kuanzia sifuri. Kupanda ndege kwenda kuteka uwanja wa adui ni kazi nyingine kabisa, na Handeni haikuwa na uwanja wa kupokea ndege ya jeti ya abiria.

Mpango wenyewe ulikuwa na akili ndani yake, na haifai kuudharau. Wakati kundi kubwa la wapiganaji zaidi ya 1,000 likisafiri kwa magari hadi mpaka wa Mutukula, makomando wangepaa kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, watue Entebbe, wauteke uwanja, kisha wakimbilie Kampala, kama kilomita 40, kuishika redio. Ndege iliyochukuliwa bila idhini ya wenyewe ilikuwa DC-9 ya East African Airways, shirika ambalo Uganda ilikuwa mmoja wa wamiliki wake watatu. Ndege ya shirika hilo kutua Entebbe lilikuwa jambo la kila siku, na rangi zake zilikuwa kificho tosha. Lakini kificho hicho kilikuwa na muda wake. Tangu dakika ambayo Dar es Salaam ingegundua kwamba ndege haipo, saa ilikuwa inahesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilimanjaro ni kama kilomita 450, na kutoka hapo hadi Entebbe ni kama 640. Kwa mwendo wa DC-9, ukijumlisha muda wa kupakia watu na silaha, mambo yote yalipaswa kwisha katika takriban saa mbili, bila nafasi ya kurekebisha chochote.

Hapo ndipo umbali kati ya kambi na ndege ulipodai gharama yake. Watu walikuwa upande wa Handeni, ndege ilikuwa Dar es Salaam, na uwanja wa kukutania ulikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka kambini kwa njia ya Korogwe, Same na Moshi. Kilimanjaro kulikuwa na sifa zake: uwanja ulifunguliwa mwaka 1971, njia yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya mita 3,500, na haukuwa na macho mengi kama Dar es Salaam. Hata hivyo uamuzi wa kukutania huko uliongeza kutua kumoja zaidi katika safari, na kutua ndiko kunakojaribu magurudumu, breki na mikono ya rubani kuliko sehemu nyingine ya safari. Ndege ya aina hiyo hugusa ardhi ikiwa kwenye mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Breki zikikaza gurudumu lisizunguke, tairi husuguliwa mahali pamoja hadi lipasuke ndani ya sekunde chache. Shirika la ndege linaloendesha safari zake kwa utaratibu huwa na matairi ya akiba, jeki na mafundi wanaongoja, na kupasuka kwa tairi huleta ucheleweshaji tu. Kwa waliokuwa na ndege moja waliyoichukua kwa siri, huo ulikuwa mwisho.

Atakayesema kwamba ilikuwa bahati mbaya tu atazame uwanja ule ule wa Entebbe miaka minne baadaye. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israeli walitua hapo kuokoa mateka, kwa ndege nne za C-130 Hercules, zikisindikizwa na Boeing mbili. Walikuwa wamefanya mazoezi ya kuteka jengo kabla ya kuondoka, magari yao yalitoka yakiendeshwa kwa mlango wa nyuma, na walipata mafuta Nairobi wakati wa kurudi. Nao wangeweza kupata pancha. Tofauti ni kwamba ndege moja ingekwama, nyingine zingebaki. DC-9 ya abiria haina mlango wa kutolea gari, kwa hiyo hata kama makomando wa mwaka 1972 wangefika salama, wangeshuka ngazi kwa miguu na kuanza kutafuta usafiri wa kwenda Kampala chini ya risasi.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini na siri: wakimbizi hawakuwa na ndege zao, na Mwalimu Nyerere hakutaka mkono wa Tanzania uonekane. Ni kweli. Kikosi cha anga cha Tanzania, kilichojengwa kwa msaada wa Kanada, kilikuwa na ndege za Caribou zenye mlango mpana wa nyuma, zinazoweza kutua kwenye viwanja vifupi vya udongo. Kuzitumia kungekuwa kutangaza vita. Lakini jibu hilo linaeleza kwa nini vifaa vilikosekana. Halielezi kwa nini mpango mzima ulitegemezwa juu ya kitu kisichoweza kufanyiwa hata zoezi moja. Asiye na ndege ya akiba anaweza walau kupanga kwamba ndege isipofika Entebbe, majeshi ya nchi kavu yasivuke.

Nayo yalivuka. Tarehe 17 Septemba kundi moja lilielekea Masaka na jingine, alilokuwamo Yoweri Museveni, likaingia Mbarara. Yote mawili yalishindwa, mamia ya watu waliuawa, na Amin akajibu kwa kuzipiga mabomu Bukoba na Mwanza. Katika siku hizo hizo Libya ilimpelekea Amin karibu askari 400 kwa ndege za mizigo. Sudan ilizizuia Khartoum na kuzitaka zirudi, lakini zilipopaa zilielekea Entebbe na zikafika. Serikali yenye ndege kadhaa na marubani waliozizoea iliweza kuvumilia kikwazo kikubwa kuliko tairi lililopasuka. Tarehe 5 Oktoba makubaliano ya Mogadishu yalisimamisha mapigano.

Aprili 1979, katika vita vilivyomwondoa Amin, JWTZ, jeshi la Tanzania, haikujaribu kuingia Entebbe kwa ndege. Ilisogeza mizinga na brigedi zake kwa nchi kavu, ikautwaa uwanja tarehe 7, na C-130 ya Libya iliyokuwa ikijaribu kupaa ikapigwa kwa roketi ya begani. Siku chache baadaye wapiganaji wa Kikosi Maalum, jeshi la wakimbizi wa Uganda chini ya David Oyite-Ojok na Tito Okello, makamanda waliopitia Owiny Kibul na Handeni, waliingia Kampala kwa barabara, bega kwa bega na jeshi la Tanzania.