Kazimoto na Swali la Mungu katika Kichwamaji

Kila ninapowapa wanafunzi riwaya ya Kichwamaji (1974) yake Euphrase Kezilahabi kama kitabu cha ziada, hakosi mmoja wa kuandika hivi: Kazimoto alijiua kwa sababu hakumwamini Mungu. Huenda mwalimu akalipa jibu hilo alama kamili kwa kuwa naye ni muumini. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba hayo ni mahubiri, si uhakiki.

Hebu tuirejelee hadithi yenyewe. Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, ndiye msimulizi, naye husimulia kwa nafsi ya kwanza. Anatilia shaka kuwapo kwa Mungu na hata maana ya maisha. Manase anamtia mimba Rukia, dadake Kazimoto. Rukia anafariki, na mama yao anamfuata kaburini. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kwa kumharibia maisha Sabina, dadake Manase, lakini anaishia kumpenda na kumuoa. Hatimaye anajitoa uhai.

Iwapo kifo cha Kazimoto ni adhabu ya kutoamini, Rukia na mamake walikosa nini? Mtunzi amewaua wasio na hatia kwanza. Ukifuatilia msuko, utaona kuwa chanzo cha maafa ni matendo ya wanadamu: tamaa ya Manase, kiu ya kisasi, na usomi unaowatenga vijana na jamii yao. Swali la Mungu linazuka katika maumivu hayo, silo lililoyaleta.

Kosa la pili ni kudhani kuwa udhanaishi na ukanaji Mungu ni kitu kimoja. Søren Kierkegaard, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa falsafa hiyo, alikuwa Mkristo. Jean-Paul Sartre hakuamini, lakini alishikilia kwamba pasipo Mungu binadamu hubeba mzigo mzima wa matendo yake, wala hana wa kumsingizia. Naye Albert Camus, katika insha yake ya mwaka 1942 kuhusu Sisyphus, alikataa kujiua kuwe jibu la maisha yasiyo na maana. Kwa mizani hiyo, Kazimoto hakuitimiza falsafa, alishindwa nayo.

Hata hivyo, msomaji asiyeamini naye asiharakishe kumfanya Kezilahabi wake. Mtunzi huyu alisomea seminari, na anayefahamu mafunzo ya dini anaweza kuyahoji kutoka ndani. Anachosema mhusika si lazima kiwe msimamo wa mwandishi. Riwaya inauliza, haihubiri imani wala haihubiri ukanaji.

Je, haya yana uzito gani kwetu? Katika shule nyingi nchini siku huanza kwa sala, nami sioni ubaya. Dini huwafariji waliofiwa na kuwakusanya watu pamoja. Lakini Katiba ya mwaka 2010 inasema, katika kifungu cha 8, kuwa hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Darasani huenda ameketi mwana asiyeamini, kimya, akisikia wenzake wakisema kwamba mtu wa aina yake hana utu na mwisho wake ni kitanzi. Mwalimu anayeliacha jibu lile lipite amemfunza huyo kunyamaza, na amewafunza wengine kuhukumu bila ushahidi.

Kwa mtahiniwa, ushauri wangu ni huu. Ukiulizwa ujadili suala la imani katika riwaya, taja tukio, taja mhusika, kisha eleza uhusiano wa sababu na matokeo. Tofautisha sauti ya msimulizi na ya mtunzi. Mwamini Mungu wako upendavyo, lakini Kazimoto mhukumu kwa yaliyomo kitabuni.