Jicho na Kisu

Katika vitalu vya kando ya barabara, Jinja kama Kampala, Nairobi kama Arusha, mteja wa miti ya bustani huonyeshwa karibu miche ile ile. Mwashoki mwembamba wa kupandwa kando ya ukuta, asili yake Bara Hindi. Terminalia ya Madagascar, ile yenye matawi ya ghorofa ghorofa. Mkrismasi, nao wa Madagascar. Jakaranda ya Amerika ya Kusini. Ni miti mizuri na sina ugomvi nayo. Lakini aliyejenga kilimani Wanyange, karibu na Jinja, ziwa likimmeremetea pale chini, huishia na bustani ambayo ingeweza kuwa ya mji wowote wa joto duniani.

Tena hata hiyo miti ya wageni haikujileta hivyo. Wembamba wa mwashoki si wa kila mwashoki. Wapo wanaotanua matawi na kutoa kivuli kipana. Lazima palikuwa na mtu aliyeuona mmoja uliolaza matawi yake shinani, akauzalisha huo akaacha wengine. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemsifu hapa, na mara nyingi hata jina lake hatulijui.

Kazi yake, kwa sehemu kubwa, ni kukataa. Hupanda mbegu nyingi akijua kwamba karibu miche yote itang'olewa: huu umefanana na mama yake, ule umepinda, mwingine una rangi nzuri lakini hauvumilii kiangazi. Mahindi humjibu mkulima kwa msimu mmoja. Mti humweka miaka kabla ya ua la kwanza, kisha miaka mingine kabla hajajua kama tawi litastahimili dhoruba. Ukimkuta kitaluni mwake unaweza kudhani hana la kufanya, kumbe anatazama.

Akishaupata anaoutaka, mbegu zake hazimsaidii tena, kwa sababu mbegu huchanganya upya yote aliyoyahangaikia. Hapo ndipo kisu kinapoingia. Hukata kikonyo, akakichonga mshazari pande mbili, akapasua shina la mche mwingine wa jamii ile ile, akavioanisha hivi kwamba utando mbichi ulio chini ya gome ukutane angalau upande mmoja, kisha akafunga kwa ukanda wa plastiki. Kisu butu huponda, na mkono mzito huacha jeraha likauke. Kubebesha huku vijana wengi wa vitaluni Uganda wanakujua tayari, kwa sababu ya maembe na maparachichi. Mkono huo huo ungeweza kutuzalishia mti wa barabara.

Nani abishe kwamba mti mmoja hautoshi? Yapata mwaka 1880, mmishonari Mfaransa aliukuta mbauhinia wa ajabu karibu na pwani ya Pok Fu Lam, Hong Kong. Maua yake ni ya zambarau iliyokolea, makubwa, na kwa kawaida hauzai mbegu. Ulizalishwa kwa vipandikizi na kubebesha, ukapewa jina la gavana Blake na kuandikwa kitaalamu mwaka 1908. Ulifanywa nembo ya mji mwaka 1965, na tangu 1997 ua lake liko kwenye bendera. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa ni chotara wa mibauhinia miwili ya kawaida. Kama yule padri angepita akiwaza mengine, hakuna ambacho kingezaliwa tena mfano wake.

Wala tusijidanganye kwamba ufundi huu ni mgeni kwetu. Mutuba, mti wa nguo za magome za Buganda, hauoteshwi kwa mbegu. Mafundi hukata gogo la tawi la mti wenye gome jema wakalisimika ardhini, nalo likatoa mizizi. Aina zake zina majina, na kila fundi ana anayoisifu. UNESCO iliutambua ufundi wa nguo hizo mwaka 2005. Migomba ya matoke nayo imezaliana kwa machipukizi, na utitiri wa aina zake umetokana na mabadiliko madogo ambayo mkulima aliyaona shambani, akayatenga, akayapa jina. Kwa hiyo jicho tunalo, tena la kale. Tumelizoesha kutazama tumbo na mavazi tu.

Nikiulizwa tuanze na mti gani, nitasema kifabakazi, huu ambao Wakenya wanauita Nandi flame. Ni wa kwetu, na unapochanua huonekana kama kilima kimewashwa moto. Ila una kasoro mbili kubwa: matawi yake ni laini na huvunjika upepo ukivuma, na mbegu zake zenye mabawa zimeufanya kero ya visiwa vya Pasifiki, hata ukaingia katika orodha ya IUCN ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Upo wenye maua ya njano, nao ni mzuri mno, lakini rangi peke yake isitulevye. Fundi halisi angeutafuta ulio imara tawini na usiozaa mbegu.

Wamarekani walijifunza hili kwa gharama. Mpeasi wa Bradford, uliochaguliwa kutoka mbegu za China, ulitolewa na wizara yao ya kilimo mwaka 1963 na kusifiwa kila mtaa. Matawi yake yakaanza kupasuka ukizeeka. Kisha ukachavushwa na mipeasi ya aina nyingine, ukazaa, na ndege wakausambaza porini. Ohio iliupiga marufuku sokoni mwaka 2023, na South Carolina mwaka 2024.

Uganda ina sheria ya kulinda aina mpya za mimea tangu 2014, na mkataba wa kimataifa wa UPOV wa 1991, unaolinda aina hizo katika nchi wanachama, unampa mwenye aina mpya ya mti haki ya miaka isiyopungua 25. Lakini sheria haioni mti. Anayeuona ni mpita njia. Kama huko kwenu unakijua kifabakazi ambacho matawi yake hayajavunjika miaka yote hii, au kinachochanua bila kuacha mbegu, mwite mtu wa kitalu akate vikonyo mwezi huu, kabla watengeneza barabara hawajafika na msumeno.